Msihesabu Hati, Hesabuni Waliobaki

Shangazi yangu analima karibu na Ziwa Viktoria, upande wa Sengerema, Tanzania. Hati yake ya hakimiliki ya kimila ameiviringisha kwenye nailoni na kuilaza sandukuni chini ya kanga. Mpaka wenyewe ni minyaa aliyoipanda babu. Jirani akitaka kujua shamba la shangazi linaishia wapi, huangalia minyaa. Nikisikia haki za ardhi ya asili zinapimwa kwa idadi ya hati zilizotolewa, lile sanduku hunijia akilini.

Hati siipingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na milki inayotolewa na serikali. Kwa Wahadzabe wa Yaeda Chini, kule Mbulu, hati ya pamoja waliyoipata mwaka 2011 ilikuwa jambo zito. Watu hawa huwinda, huchimba mizizi na kurina asali, hivyo mgeni asiyeona tuta wala zizi hudhani nchi yao ni pori lisilo na mwenyewe.

Lakini tazama yaliyowapata Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, nchini Kenya. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki yao ya ardhi ya mababu ilivunjwa. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 150 za Kenya, na ardhi yao irejeshwe kwa hati ya pamoja. Novemba 2023 familia za Waogiek zikafukuzwa tena Mau, nyumba zikabomolewa. Anayehesabu hukumu atawaandika washindi mara mbili. Mama aliyelala nje na watoto mwezi ule, kipimo hicho kinamwandika wapi?

Mimi ningeanza na siku mwenye nguvu anapoitaka ardhi. Je, wenyeji waliulizwa kabla ya vigingi kuchomekwa, na waliposema hapana, vigingi viling'olewa? Shauri lilichukua miaka mingapi, na nauli ya kwenda kwenye baraza la ardhi alilipa nani? Mume akifa, mjane anabaki shambani au shemeji wanagawana? Na waliokwisha kuondolewa, wangapi wamerudi? Hili la mwisho kwangu ndilo zito kuliko yote, na ndilo nisiloliona kwenye ripoti.

Tena kuna ardhi ambayo hati ya mtu mmoja haiigusi kabisa. Ngitili ya kulishia mifugo kiangazi. Makaburi ya wazee. Mwalo ambako dagaa huanikwa na nyavu hushonwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mimi nataka ziwa lilindwe. Ila pamoja na kupima hizo mita, tuandike pia nani aliondolewa ufukweni kwa sheria hiyo na nani aliachwa.

Mwaka jana wapimaji walipopita kijijini, shangazi aliwapikia chai, akawaonyesha minyaa yote minne kona kwa kona. Kisha akawauliza kama wataandika na njia ya kuteremkia majini, ile aliyopita bibi yangu na mtungi kichwani. Wakamwambia fomu haina nafasi ya njia.