Chuo Kilimpa Paul Skenes Muda Aliouhitaji

Mwaka 2020, Paul Skenes alipomaliza sekondari huko California, hakuna hata klabu moja ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani iliyomchagua. Mwaka huo, kwa sababu ya korona, drafti, yaani zoezi la klabu kugawana wachezaji wapya kwa zamu, ilikatwa ikabaki na raundi 5 badala ya 40. Miaka mitatu baadaye Pittsburgh Pirates walimchagua wa kwanza kabisa, wakampa dola milioni 9.2 za kusaini.

Ndiyo maana yanaponifikia maneno kwamba kijana asiyechukuliwa akiwa na miaka 18 ameshapitwa, nachukia. Tena mara nyingi wanaoyasema ni watu wazima wanaopaswa kumtia moyo.

Skenes alikwenda kwenye chuo cha jeshi la anga huko Colorado, akitamani kuwa rubani wa ndege za kivita. Huko alikuwa mdakaji, mpigaji na mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, yote kwa pamoja. Mwaka 2022 alipata tuzo ya John Olerud, wanayopewa wachezaji wa vyuo wanaorusha na kupiga kwa ubora uleule. Kisha ikaja njia panda. Kwa kanuni za chuo kile, anayeanza mwaka wa tatu anajifunga kulitumikia jeshi baada ya kuhitimu. Aliondoka kabla ya hapo, akahamia Louisiana State. Na hakulazimika kukaa nje msimu mzima, kwa kuwa mwaka 2021 sheria ya michezo ya vyuo ilikuwa imelegezwa, mwanafunzi anayehama kwa mara ya kwanza akaruhusiwa kucheza mara moja.

Louisiana State walimwachia kazi moja tu: kurusha. Mwalimu wake wa urushaji, Wes Johnson, alikuwa ametoka kufundisha Minnesota Twins, klabu ya Ligi Kuu. Kwa hiyo kijana alikuwa bado mwanafunzi, lakini mafunzo aliyoyapata yalikuwa ya kiwango cha juu kabisa. Msimu wa 2023 aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani walioshindwa mirusho mitatu, akaipita rekodi ya 202 ya ukanda wao wa vyuo iliyokuwa imesimama tangu 1989.

Lakini takwimu kwangu si kitu mbele ya ule usiku wa tarehe 22 Juni 2023, Omaha, mji unakoamuliwa ubingwa wa besiboli ya vyuo. Louisiana State dhidi ya Wake Forest, anayeshinda anaingia fainali. Upande wa pili alirusha Rhett Lowder, naye mwanachuo, naye wa kiwango cha juu. Skenes alikwenda awamu nane kati ya tisa za kawaida, mirusho 120, hakuruhusu pointi hata moja. Lowder akajibu kwa awamu saba, naye bila kuruhusu. Mechi ilikwenda mpaka awamu ya 11, Tommy White wa Louisiana State akaupeleka mpira nje ya uwanja, ikaisha 2-0. Siku chache baadaye wakatwaa ubingwa. Mkono wa miaka 18 haubebi usiku wa namna ile. Huo ni uzito unaotaka misimu kadhaa ya kushindana na watu waliokomaa.

Ligi ndogo, zile za chini ambamo klabu hukuza wachezaji wao, hakukaa sana. Tarehe 11 Mei 2024 alisimama kwa mara ya kwanza kwenye kilima, mahali anaposimama mrushaji, akiwa na Pirates, na msimu ukaisha akiwa ameruhusu wastani wa pointi 1.96 kwa kila awamu tisa na ametajwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Mwaka 2025 akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora.

Wapo wanaotaka ile kanuni ya mwanachuo kusubiri mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21 ndipo achaguliwe kwenye drafti iondolewe, eti inamnyima kijana pesa. Sikubaliani nao. Klabu zenyewe zimejibana: drafti sasa ina raundi 20 tu, na tangu 2021 timu zao za ligi ndogo zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120. Nafasi za kukua polepole ndani ya klabu zimepungua, na mzigo huo umehamia vyuoni. Kumtoa mwanachuo mwaka wa kwanza ili akapigane kwenye ligi hizo zilizopunguzwa, wakati mkono wake bado unajengwa na darasa lake halijafika popote, ni kumdhulumu. Kanuni hiyo iachwe, na kama kuna pesa za kuongezwa, ziongezwe kwa wanaochaguliwa raundi za mwisho.