Uhuru wa Jack Sparrow na watu wasioonekana Port Royal

Nahodha anaingia bandarini amesimama juu ya mlingoti, kifua mbele. Kamera inashuka, na kumbe chombo chenyewe ni kidau kinachovuja, naye inambidi arukie chini kufua maji. Anapita kwenye mwamba wanakoning'inia maharamia watatu walionyongwa, anawavulia kofia. Kidau kinamaliza kuzama sekunde ileile anapokanyaga gati. Hajatamka neno, na tayari tumeshamjua Jack Sparrow: hana kitu, ana jeuri, na anawaheshimu wafu wa kazi yake.

Ustadi wa namna hiyo ndio uliofanya Pirates of the Caribbean: The Curse of the Black Pearl, ya mwaka 2003, iingize zaidi ya dola milioni 650 duniani, wakati Hollywood ilikwisha kukata tamaa na filamu za maharamia. Wakubwa wa Disney walitishwa na mwendo wa kilevi ambao Johnny Depp alimpa nahodha huyo. Uigizaji huohuo ukamfikisha kwenye uteuzi wa tuzo ya Oscar.

Ila mapanga na vichekesho peke yake havimrudishi mtu kuitazama filamu mara ya tatu. Kinachotuvuta ni uhuru. Elizabeth Swann, binti wa gavana, anabanwa na vazi lake la kiuno hadi anazimia na kutumbukia baharini. Baadaye, wakiwa wametelekezwa kisiwani, Jack anamwambia kwamba meli si mbao na matanga tu, meli ni uhuru. Yeyote aliyewahi kuishi kwa kuomba ruhusa, kwa bosi au kwa baba, anajua kwa nini maneno yale yanagusa.

Wanaoipinga filamu hii wanasema inawapamba wauaji, na ushahidi wanao. Mwaka 1695 haramia Henry Every na watu wake waliiteka Ganj-i-Sawai, meli iliyokuwa imebeba mahujaji waliokuwa wakirejea India kutoka Makka, wakatesa na kubaka kwa siku kadhaa. Hapa pwani wala hatuhitaji kurudi nyuma kiasi hicho. Mwaka 2010 ilibidi mahakama maalumu ifunguliwe Shimo la Tewa, Mombasa, kwa ajili ya kesi za uharamia, na mabaharia waliowahi kushikwa mateka katika bahari hii hawana hamu ya kuona uharamia ukichezewa.

Kwa hoja hiyo naona filamu inajitetea vizuri. Maharamia wake wakuu wamelaaniwa kwa sababu ya ngawira yao: wameiba vipande 882 vya dhahabu, na tangu hapo chakula kinageuka majivu mdomoni. Barbossa, nahodha aliyemwasi Jack, anatamani ladha ya tufaha tu. Hadithi inayofanya wizi uwe na ladha ya majivu haiwezi kuitwa tangazo la wizi.

Panaponiuma ni kwingine. Jamaica ya karne ya 18 iliishi kwa sukari, na sukari ililimwa na Waafrika waliouzwa. Port Royal ya filamu, bandari ya Jamaica hiyo, ina gavana, askari na mhunzi, lakini utumwa hautajwi. Sehemu kubwa ya mji huo ilijengwa kwa ajili ya kamera katika ghuba ya Wallilabou, kisiwani St. Vincent. Jirani kabisa na hapo kuna kisiwa cha Bequia. Mwaka 1717 haramia Blackbeard aliiteka La Concorde, meli ya Wafaransa iliyobeba mamia ya watumwa kutoka Afrika Magharibi. Meli akaichukua. Waafrika wengi wakaachiwa Wafaransa pale Bequia, wakaishia kuuzwa kisiwani Martinique.

Wapo watakaosema filamu ya burudani haiwezi kubeba mzigo huo. Mimi nasema ingeinufaisha, maana uhuru wa maharamia halisi ulikuwa na uzito kuliko huu wa Jack. Kwenye meli ya Bartholomew Roberts kila mtu alikuwa na kura, nahodha alipata mafungu mawili tu ya ngawira, na aliyepoteza mguu kazini alilipwa fidia. Lakini kundi hilo lilipokamatwa mwaka 1722, weupe walifikishwa mahakamani na 52 wakanyongwa. Weusi walipelekwa kuuzwa. Swali la uhuru huo ulikuwa wa nani lingetosha kusukuma filamu nzima, pamoja na mapanga yake yote.

Mbegu yake imo ndani ya filamu hiihii. Anamaria, mwanamke mweusi aliyechezwa na Zoe Saldana, anamzaba Jack kofi kwa kumwibia mashua yake, kisha anajiunga na safari kwa ahadi ya kupewa meli. Mwanamke huyo alipataje mashua yake mwenyewe katika bahari ile, miaka ile? Hatuambiwi, na katika filamu zilizofuata hayumo tena.