Kukodi Tairi za Ukaguzi ni Hesabu Mbovu

Kila dereva wa matatu kuanzia Naivasha hadi Busia anaujua mchezo huu. Siku ya ukaguzi ikikaribia, tairi zilizokwisha meno zinavuliwa, nzuri zinakodiwa, gari linapita, na jioni vipara vinarudishwa mahali pake. Wengine huazima hadi kifaa cha kuzima moto na mikanda ya viti. Msimamo wangu ni kwamba mchezo huu unamtia hasara hata anayeucheza. Ada amelipa, siku ya kazi imekwenda, na alichoambulia ni stika ya kioo tu. Hali ya gari lake bado haijui. Kinachokera zaidi ni kwamba mengi yanayoangusha magari ukaguzini ni ya bei ya chini kuliko kile anachodai broka langoni.

Tuanze na nani anahusika, maana hapa pana uvumi mwingi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari lolote lililozidi miaka 4 tangu litengenezwe likaguliwe. Barabarani, wanaobanwa kila mwaka ni matatu, malori, pikapu za biashara na mabasi ya shule. Mwenye gari la kibinafsi kwa kawaida hukutana na mkaguzi anapobadilisha rangi, bodi au injini. Rasimu ya kanuni iliyopelekwa kwa wananchi mwaka 2025 ilipendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka hiyo 4 yaingizwe kwenye foleni hiyo, na vituo vya kibinafsi vipewe leseni ya kukagua. Mimi naunga mkono vituo zaidi, kwa sababu anayetoka Mbita au Port Victoria anachoma mafuta mengi kabla hajafika kwa mkaguzi. Ila kituo kinacholipwa na mteja kitakuwa na kishawishi cha kumpendeza mteja, na hilo halitatuliwi na bango la leseni ukutani.

Kwa sasa vituo ni vya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA. Upande wetu kuna Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret. Wa Gilgil, Molo na Njoro wataenda Nakuru bila kuuliza. Wa Siaya na Vihiga wana uchaguzi: Kisumu na Kakamega zimetengana kwa kilomita 50 hivi, kwa hiyo ukikosa siku karibu kwenye kituo kimoja, tazama kingine kabla ya kukata tamaa. Wa Bungoma vilevile, Kakamega au Eldoret. Watu hung'ang'ania kituo walichozoea hata kama nafasi iliyobaki ni ya baada ya stika kuisha, kisha wanaanza kukwepa polisi kwa wiki mbili. Ingia kwenye mfumo mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Mabasi ya shule yana sababu zaidi ya kuwahi, kwa kuwa shule nyingi hukumbuka ukaguzi wakati mmoja, muhula unapokaribia kufunguliwa.

Nafasi inawekwa kwenye tovuti ya huduma ya NTSA kwa kutumia akaunti ya eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni. Unachagua gari, kituo na siku, mfumo unakuonyesha ada kulingana na gari lenyewe, unalipa, unachapisha karatasi. Malipo ya serikali hupitia namba moja ya Paybill, yaani ya kulipia kwa simu, 222222. Mtu akikuambia utume pesa kwa simu yake "akusaidie kulipia", hizo ni zake. Kikwazo kinachowapata wengi hapa ni umiliki. Gari linaonekana kwenye akaunti ya aliyeandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Kama ulinunua Probox ukapewa funguo na fomu zilizosainiwa lakini hukukamilisha uhamisho, huwezi kuliwekea nafasi. Itabidi umtafute aliyekuuzia. Maliza uhamisho kwanza.

Siku yenyewe beba karatasi ya nafasi, nakala ya logibuku, bima inayofanya kazi na ripoti ya ukaguzi uliopita. Lori lije bila mzigo.

Sasa gari lenyewe. Jambo la kwanza mkaguzi anataka kujua ni kama gari lililo mbele yake ndilo lililo kwenye karatasi. Namba ya chesisi isomeke. Kwenye Toyota nyingi iko kwenye ukuta wa injini au chini ya kiti cha mbele cha abiria, na vumbi la murram likichanganyika na mafuta huifunika kabisa. Isafishe kwa kitambaa chenye dizeli na burashi laini. Usiruhusu fundi aguse namba hiyo kwa grainda wala msasa, kwa sababu chuma kilichokwanguliwa kinaonekana kama namba iliyochezewa, na hapo mazungumzo hubadilika. Injini nayo: magari mengi ya huku yamewekewa injini za mtumba kutoka Japani. Ni halali, lakini namba mpya lazima iingizwe kwenye rekodi za NTSA. Mwenye gari akinyamaza akidhani hakuna atakayeinama kutazama, anafeli kwa kosa ambalo hakuna spana inayoweza kulirekebisha siku hiyo.

Taa zinaangusha watu kwa mambo madogo ya kuudhi. Taa ya namba ya gari nyuma ni balbu ya wati 5, na ni ya kwanza kusahaulika. Taa ya breki na ile ya usiku mara nyingi hukaa kwenye balbu moja yenye nyuzi mbili, wati 5 na wati 21. Ukichomeka balbu ya uzi mmoja, taa moja inakosekana. Ukikanyaga breki na indiketa ikawaka kidogo, usinunue balbu: waya wa ardhi umeshika kutu. Fungua taa, sugua pale waya huo unapogusa bodi, kaza. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, balbu moja imeungua au imewekwa ya wati isiyofaa.

Taa za mbele ni shida tofauti, na hapa lawama naziweka kwa maduka. Wanauza balbu za LED zenye mwanga mweupe kama radi na kuzitia kwenye taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni. Kioo cha taa hiyo kilipimwa kwa uzi ulio mahali fulani. Chanzo cha mwanga kikihama milimita chache, mwanga hutawanyika na kumpiga usoni anayekuja. Rudisha halojeni. Kisha pima mwenyewe usiku: simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo unaotakiwa. Mstari wa juu wa mwanga mfupi uwe chini ya kimo cha taa kwa kama sentimita 10, na upande unaopanda uwe wa kushoto, kwa kuwa tunaendesha kushoto.

Breki ndizo za kukalia kitako. Anayeishi Ahero kwenye tambarare anaweza kuendesha na breki dhaifu kwa miezi bila kujua. Anayeshuka kutoka Nandi Hills kuja Chemelil, au kutoka Timboroa kupita Sachangwan hadi Salgaa, atajua siku moja tu. Kosa lenyewe mara nyingi ni tofauti ya nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Mashine ya rola hupima kila upande peke yake. Ulaya, kwa mfano, tofauti ya zaidi ya asilimia 30 kwenye ekseli moja inatosha kulifelisha gari. Chanzo chake kwenye breki za disiki ni pini zinazoteleza za kalipa, kile kishikio kinachobana pedi, kukwama kwa vumbi na grisi iliyokauka, hivyo pedi ya upande mmoja inaisha na ya pili bado nene. Fundi akikuwekea pedi mpya bila kuzitoa pini hizo, kuzisafisha na kuzipaka grisi ya breki inayostahimili joto, amekuuzia nusu ya kazi. Kwenye breki za ngoma nyuma, tazama kama silinda ndogo inavuja: mafuta yakigusa lainingi, ile bitana inayosugua ngoma, upande huo haushiki, na kuikausha kwa petroli hakuponyi. Lainingi iliyolowa mafuta ni ya kubadilishwa, pande zote mbili kwa pamoja.

Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishe. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hata kama kibuyu kimejaa, kwa sababu hufyonza unyevu, na Kisumu unyevu haukosi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 230. Yakishafyonza maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko, pedali inazama hadi sakafuni. Mkaguzi hataligundua hilo kwa kutazama.

Tairi: ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, na mpira ukilingana navyo umebaki milimita 1.6, tairi imekwisha. Tazama upande wa ndani pia, kwani gari lisilo na alaimenti hula tairi pale ambapo mwenyewe haangalii. Umri uko kwenye tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi mbili za ekseli moja ziwe za saizi moja, na spea isiwe pambo. Hapa ndipo hesabu ya kukodi inapoharibika: anayekodi seti nzima kila mwaka, akalipa kuvuliwa na kurudishiwa, angeanza kwa kununua tairi mbili za mbele.

Usukani unaweza kuupima bila mashine. Inua gurudumu kwa jeki, gari likiwa limezuiwa kwa mawe au vipande vya mbao. Shika tairi juu na chini utikise: likicheza, ni bearingi au boljointi, kile kiungo cha duara kinacholiruhusu gurudumu kugeuka. Shika kushoto na kulia utikise: likicheza, ni tai-rodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Kisha chungulia vifuko vya mpira vinavyofunika jointi hizo. Kifuko kikipasuka, mchanga wa barabara za mashamba ya miwa unaingia na kuisaga jointi polepole. Ukiwahi kifuko tu, umeokoa jointi. Shoku inayotoa mafuta haina dawa ya gundi.

Osha gari siku iliyotangulia, usilioshe asubuhi ya ukaguzi. Maji ya presha yakiingia kwenye soketi za taa na kwenye ngoma za breki, gari zima litaonekana gonjwa kwa saa kadhaa. Na kuosha injini kusiwe kwa kuficha uvujaji: mafuta yataonekana tena kabla hujafika zamu yako.

Kwa matatu, ongeza kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa pamoja na cheti chake, mstari wa manjano usiokatika, mkanda unaofunga kwa kila kiti, kisanduku cha huduma ya kwanza na kifaa cha kuzima moto ambacho mshale wake uko kwenye kijani. Masharti ya kidhibiti na mikanda si mageni. Yalianza kutekelezwa Februari 2004, Waziri John Michuki akiwa kwenye uchukuzi. Kiti kilichoongezwa kwa kuchomelewa hukamatwa kirahisi kwa sababu rangi ya weldi haifanani na ya kiwanda.

Lori la breki za hewa ni la kusikilizwa. Jaza hewa, zima injini, funga redio, zunguka pole pole: panapopiga "sss" ndipo penye hosi au kiungo kibovu. Kanyaga pedali mara kadhaa. Kengele ya onyo ipige hewa ikishuka karibu na bar 4. Virekebishi vya breki, vile vinavyoondoa ulegevu wake, vipimwe kila gurudumu, kwa maana kimoja kikilegea lori linavuta upande mmoja likibanwa ghafla. Utepe wa kuakisi mwanga uliofunikwa na tope la Muhoroni haufanyi kazi. Lete ndoo na sabuni.

Moshi mweusi wa dizeli uanzie kwenye kichujio cha hewa, ndipo ufikirie nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye injini. Kichujio kilichojaa vumbi hakipumui, na ni bei ndogo. Moshi wa bluu ni mafuta ya injini yanayoungua, na huo hauna njia ya mkato.

Ukifeli, pokea karatasi inayoonyesha makosa, isome palepale na uulize kila mstari usiouelewa. Broka anaishi kwa watu wanaoikunja bila kuisoma. Mpe fundi karatasi yenyewe, usimsimulie, naye atengeneze kilichoandikwa. Kisha, kabla ya kuondoka gereji, mwambie akukabidhi vipuri vyote alivyovua, kwenye mfuko. Tai-rodi mpya na ya zamani iliyopakwa grisi hufanana sana ukizitazama kutoka chini ya gari.