Mlango Mmoja wa Melaka na Ngome Nzima ya Mombasa

Mwisho wa juma lililopita nilipanda basi kutoka Kuala Lumpur, ninakofanya kazi, nikaenda Melaka, mji wa kale wa pwani ya Malaysia, kuiona A Famosa, ngome ya Wareno ambayo wenzangu kazini hawaishi kuisifu. Ni mwendo wa saa mbili hivi. Kufika, nakuta watu wamepanga foleni juani, miavuli imegusana, kila mmoja anangoja zamu yake ya kupigwa picha. Nikanyoosha shingo nione wanapigia picha nini. Mlango! Mlango mmoja wa mawe, hauna ukuta kulia wala kushoto. Unaingia ukitoka nje na unatokea ukiwa nje vilevile.

Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akanigeukia. Mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, niliyecheza mpira Ngomeni mpaka adhana ya magharibi, leo nipange foleni kuona mlango?

Lakini ndiyo A Famosa yenyewe hiyo. Jemadari wa Kireno, Afonso de Albuquerque, aliuteka mji mwaka 1511 akajenga ngome. Waholanzi wakamtoa Mreno mwaka 1641. Mwingereza alipoishika zamu yake, akaanza kuibomoa mwaka 1807 ili asije mwingine akajificha humo akampiga nayo. Raffles, huyuhuyu Mwingereza aliyeasisi Singapore, ndiye aliyeomba waache, na kilichookoka ni mlango huo, Porta de Santiago. Juu yake Waholanzi walichonga nembo yao na mwaka 1670. Mvua imelila jiwe lakini tarakimu bado unazisoma. Kwa mlango huo, pamoja na kanisa jekundu la mwaka 1753 na jumba jekundu la gavana wa Kiholanzi, wanakula waendesha baiskeli za abiria zilizojaa maua ya plastiki na spika za kupasua masikio, wauza cendol ya barafu na tui la nazi, wauza kofia, wenye nyumba za wageni na watoto wao.

Kicheko kikaniishia hapo. Maana sisi tuna ngome nzima.

Fort Jesus, jamani! Imeanza kujengwa 1593, ramani ya Mwitaliano Cairati, kuta za matumbawe zinazosimama baharini mpaka leo. Waomani waliizingira karibu miaka mitatu ndipo wakaingia mwaka 1698. Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, wakaikaa. Mwingereza akaigeuza jela mpaka 1958, na wapo wazee wetu walioingia mle na pingu. Tena hatuna hata kisingizio cha kutojulikana: Melaka imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na George Town ya Penang, Fort Jesus ikafuata 2011. Cheti ni kilekile. Wao na mlango wao wanaishi. Sisi na ngome yetu, ukitoka getini hatua kumi unakutana na vijana watano wanamgombania mgeni mmoja.

Kilichonikera kuliko yote ni meli. Melaka wameunda mfano wa Flor de la Mar, meli ya Albuquerque iliyozama karibu na Sumatra mwaka huohuo wa 1511, imejaa mali iliyoporwa mjini kwao. Yaani wao ndio walioibiwa, na leo wameiunda upya meli ya mwizi, wameweka makumbusho tumboni mwake, watoto wa shule wanapanda ngazi kwa makelele na mwalimu nyuma anapiga filimbi. Hata sisi wa pwani tuna ujamaa wa shari na meli ile, maana kabla ya kufika huko iliwahi kukwama Msumbiji ikizibwa mianya.

Sasa sikiliza. Mbele ya Fort Jesus, chini ya maji, imelala meli ya kweli. Santo António de Tanná, manowari ya Kireno iliyozama mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa. Wapiga mbizi waliichimba mwishoni mwa miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa humo vimewekwa mlemle ngomeni. Muulize kijana anayevuka kivuko cha Likoni kila asubuhi kama amewahi kuisikia. Muulize hata mwalimu wake. Wenzetu wamechonga ya mbao, sisi tunayo yenyewe na tunaipita juu kwa juu.

Najua mtakavyosema, na baadhi yenu mmeshanitumia ujumbe. "Huyu ameenda ughaibuni juzi tu, ameshaanza kumsifu mkoloni." Nani aliyemsifu? Almeida, jemadari mwingine wa Kireno, aliichoma Mombasa mwaka 1505. Miaka miwili baadaye Albuquerque huyuhuyu, pamoja na Tristão da Cunha, wakaishukia Barawa ya Somalia wakaipora na kuitia moto. Alipofika Melaka mkono ulishazoea kazi. Sihitaji kufundishwa na mtu namna ya kumchukia. Lakini Mreno aliikaa ile ngome miaka mia moja na kidogo tu, na waliobeba mawe yake kwenye jua la Kaskazi walikuwa watu weusi wa pwani hii. Ukiiita ngome ya Mreno unamzawadia kitu alichokwisha kunyang'anywa tangu 1698.

Wavietnamu hapo hawana kigugumizi. Katika mji wa Ho Chi Minh posta kuu ni ileile waliyoijenga Wafaransa, iliyokamilika mwaka 1891. Ingia ndani uinue macho: mwisho wa ukumbi, chini ya dari la upinde, ametundikwa Ho Chi Minh mwenyewe, amewatazama watu wanaolamba stempu. Aliwatoa Wafaransa kwa damu, akakaa ukumbini mwao, na barua zinaenda. Nani atamwambia huyo mzee kwamba anawapenda wakoloni?

Wa pili atasema Malaysia ina pesa. Ni kweli, inazo. Lakini mwaka 2006 pale Melaka walikuwa wanachimba msingi wa mnara wa kitalii wa mita 110, ule wa kupandisha watu juu huku unazunguka. Sululu zikagonga mawe ya kale, boma la Kiholanzi lililoitwa Middelburg. Unajua walifanya nini? Waliuhamisha mnara. Wakauhamisha! Boma likajengwa upya pale lilipokuwa, mnara ukasimama pengine. Kwetu mkandarasi angegonga mawe hayo saa tisa alasiri, na kufikia alfajiri zege lingeshakauka juu yake. Kuhamisha mnara kunagharimu, sibishi, ila kabla ya pesa kulikuwa na mtu mmoja ofisini aliyesema "simamisheni" na kazi ikasimama. Sisi sheria ya kuulinda Mji wa Kale tunayo. Ghorofa ya nne hata hivyo inapanda Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ofisa akija anakuta madirisha yameshatiwa vioo.

Kwa hiyo hapana, sijasema wao ni malaika. Nililala Melaka usiku ule. Mtaa wa Jonker, soko la usiku likiisha, unabaki milango ya mbao iliyopigwa rangi nzuri na ndani hakuna anayeishi: mbele duka la sabuni za manukato, nyuma mkahawa, juu chumba cha mgeni. George Town nako, sheria iliyoshikilia kodi za zamani iliondolewa mwaka 2000, na wapangaji waliokaa miaka na miaka wakafungasha. Sasa kwenye kuta za nyumba hizo wamechorwa watoto wanaoendesha baiskeli, na watoto wenyewe wamehamia kwenye maghorofa nje ya mji. Wale Wakristang, kizazi cha Wareno na wenyeji wa Melaka, wavuvi wao wanalalamika bahari inafukiwa mbele ya macho yao.

Hapo ndipo ninapovimba kichwa, na nivimbe kwa haki yangu. Kibokoni ukipita saa kumi jioni unakanyagwa na watoto wanaotoka chuoni na misahafu kifuani. Mama anakaanga viazi karai mlangoni mwake, ukwaju umo kwenye ndoo ya bluu, na wazee wako barazani wanamsengenya mbunge. Hakuna aliyelipwa kuyafanya hayo ili mgeni apige picha. Melaka ingetoa mnara wake mzima ipate jioni moja ya namna hiyo.

Na hicho ndicho tunachokibomoa kwa mikono yetu, wala si ngome. Nyumba yetu ya familia ina roshani ya mbao inayotazama barabara. Nguzo zake zimechongwa, moja imeliwa na mchwa kwa chini na imefungwa kwa waya. Amekuja mtu na ramani ya ghorofa sita: kila mrithi apate fleti moja, zilizobaki zake. Kwenye kundi la familia ami aliniandikia, "Mwanangu, wewe unalala na kiyoyozi huko, unatwambia sisi tukae na paa linalovuja." Ami, shikamoo. Paa linavuja, na hela ya mabati nimeshaituma kwa binamu, naingoja risiti mpaka leo. Lakini ami, nani alikwambia fleti ya chini ya ghorofa sita kwenye kichochoro kile itapata hata upepo? Roshani ile ndiyo inayotuletea upepo. Walioiweka walikuwa na akili kuliko huyo bwana wa ramani.

Mwingine kaandika nirudi basi nije niikarabati mwenyewe kama nina uchungu. Nitarudi, inshallah, na kabla ya hapo fundi wa kushughulikia ile nguzo nitamlipa mimi. Hiyo si hoja ya kuvunjia nyumba ya watu kumi na moja.

Kikao cha familia ni Ijumaa baada ya Isha. Kwa huku itakuwa saa saba usiku, na nitapiga simu. Anayetaka ghorofa aje na ramani yake, nitaisikiliza mpaka mwisho. Ila aje pia na jibu la Bi mkubwa wa chumba cha chini, anayetulipa kodi ileile aliyokuwa akimlipa babu na kutupa mahamri ya bure kila Ramadhani: siku ya kuvunja atahamia wapi, na nani atalipa huko?