Supu Kwanza au Mahubiri Kwanza?

Jumamosi ile foleni ilikuwa imefika nje ya geti. Mifuko ya chakula tulikuwa tumeipanga ukutani nyuma yetu, mahali ambapo kila aliyeketi angeweza kuihesabu, na mahubiri yalikuwa yameingia dakika ya arobaini. Mstari wa tatu aliketi mama mmoja aliyejitanda hijabu, mtoto amemlalia mapajani. Macho yake yalikuwa yanaenda kwenye mifuko, yanarudi, yanaenda tena. Mwishoni mhubiri akauliza ni nani yuko tayari kumpokea Yesu. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanyanyua mkono nusu, usawa wa bega. Mwenzetu aliyeshika karatasi akaandika jina lake.

Nilikuwa miongoni mwa watumishi waliosimama nyuma ya meza ile. Mkono ule wa nusu haujanitoka hadi leo, na ndio unaonifanya niandike.

Makanisa yanayohudumia mitaa ya mjini yenye watu wa dini nyingi yanavutana juu ya jambo hili kwenye vikao vya kamati. Wapo wanaosema Neno litangulie, au angalau liambatane na mfuko. Wapo walioondoa mahubiri kwenye meza ya kugawia kabisa: anayekuja na shida anahudumiwa, anaondoka, na ibada ina siku yake na mlango wake. Hawa wa pili wanaitwa waliopoa. Wanaambiwa wanaionea haya Injili, kwamba wamegeuka shirika la misaada lenye msalaba ukutani. Nadhani hawajaeleweka.

Hoja ya wanaowalaumu si nyepesi, na sitaki kuipita kama upepo. Paulo aliuliza katika Warumi 10, "Tena wamsikieje pasipo mhubiri?" Anayeamini kwamba ana habari ya uzima, kisha akampa jirani yake unga akamnyima habari hiyo, ana swali la kujibu. Tena historia inawapa ushahidi. Toynbee Hall, nyumba ambamo wasomi waliishi katikati ya maskini ili kuwahudumia, ilifunguliwa mwaka 1884 mashariki mwa London na kasisi wa Kianglikana, Samuel Barnett, pamoja na mkewe Henrietta. Mmarekani Jane Addams aliizuru, akarudi kwao na mwaka 1889 akaanzisha nyumba kama hiyo, Hull House, mjini Chicago pamoja na Ellen Gates Starr, katikati ya wahamiaji Waitaliano, Wagiriki na Wayahudi. Kazi ilikuwa kubwa, na mwaka 1931 Addams akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini nyumba za namna hiyo zilizidi kujulikana kwa huduma za jamii kuliko kwa imani iliyowasukuma waanzilishi wengi. Mzee wa kanisa anayeogopa kwamba wajukuu wake watarithi jiko bila madhabahu haogopi kivuli.

Ila mimi nikifika hapo huwa nakumbuka Ireland.

Mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi, chakula cha maskini wa nchi ile, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yake. Wengi wa waliokuwa na njaa walikuwa Wakatoliki. Baadhi ya wamisionari wa Kiprotestanti walifungua majiko na shule, na katika baadhi yake supu ilikuja na sharti: uketi kwenye mafundisho yao, au uiache dini yako. Wapo waliokubali, kwa kuwa mtoto anayekufa hangoji mjadala wa teolojia. Majirani wakasema "wamechukua supu". Maneno hayo mawili yakawa tusi. Yaliwafuata waliokula, yakawafuata watoto wao, na yaliendelea kutumika vizazi baada ya njaa kwisha, wakati hakuna tena aliyekumbuka hata ladha ya supu yenyewe.

Jambo linaloniuma zaidi katika habari hiyo ni lile ambalo wenzangu wa mahubiri-kwanza hulipita haraka. Waliotoa supu kwa sharti hawakuwa wengi. Wachungaji wengi wa Kianglikana waligawa chakula bila kumuuliza mtu dini yake, na wengine walikufa kwa homa walizoambukizwa na hao waliokuwa wakiwahudumia. Hata hivyo tusi halikuchagua. Supu ya mwenye sharti na supu ya asiye na sharti zilinuka namna moja kwenye pua za kijiji. Mtu alikufa akihudumia kwa moyo mweupe, na bakuli lake likahesabiwa pamoja na bakuli la yule aliyekuwa ananunua roho. Lakini Wakristo wa kundi la Marafiki, wanaoitwa pia Waquaker, ambao walianzisha kamati yao ya misaada mjini Dublin mwaka 1846 na hawakumtaka mtu abadili dini, wanakumbukwa kwa heshima mpaka sasa.

Peleka hilo kwenye mtaa wa leo, ghorofa moja ina Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiye na dini. Habari hapo husafiri kwa ngazi, kwa kamba za kuanikia nguo, kwa makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mama wa mkono wa nusu anarudi nyumbani, na kabla hajabandika sufuria shemeji yake ameshasikia kwamba ameandikisha jina kanisani. Wiki inayofuata mtoto wa jirani anakatazwa kuja kwenye masomo ya jioni ya hesabu, ambayo hayana mahubiri hata kidogo. Nesi wa kujitolea anayepima shinikizo la damu anaona viti vimepungua. Hawa hawajamwekea mtu sharti lolote, lakini wanalipa deni la meza ya Jumamosi. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kila kanisa lifanye linavyoona na Mungu atahukumu. Katika mtaa wenye mchanganyiko, sharti la mmoja linachafua maji ya wote.

Mara nyingi naambiwa, "Lakini hatukumlazimisha mtu." Kweli, hakuna aliyefunga mlango. Ila mwenye njaa anayeona mifuko mbele yake hahitaji kufungiwa mlango. Uhuru wa kukataa anao yule ambaye akikataa hapotezi chakula cha watoto. Yesu mwenyewe aliliona hili. Siku moja baada ya kuwalisha watu elfu tano aliwaambia waliomfuata, "Ninyi mnanitafuta, si kwa sababu mliona ishara, bali kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba." Alilitambua tumbo linapozungumza, wala hakulihesabu kuwa imani. Na wale wakoma kumi wa Luka 17, waliponywa wote kumi. Aliyerudi kushukuru ni mmoja, Msamaria. Yesu aliwaulizia tisa, lakini hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia.

Mambo haya viongozi wa makanisa makubwa walishayaandika. Juni 2011, Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la Majadiliano kati ya Dini na Umoja wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa pamoja mwongozo wa kushuhudia katika ulimwengu wa dini nyingi. Unaanza kwa kusema kwamba utume ni sehemu ya uhai wa kanisa, kwa hiyo asiseme mtu kwamba uliandikwa na waliopoa. Na waraka huohuo unasema kutumia umaskini na shida za watu kama nafasi ya kuwavuta hakuna mahali katika utume wa Kikristo, na unawataka Wakristo waache vishawishi vya kila aina wanapotoa huduma. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Papa Benedikto wa 16 aliandika kwamba upendo hutolewa bure, hautumiki kama njia ya kufikia malengo mengine, na kwamba Mkristo anajua wakati wa kumsema Mungu na wakati ambapo ni bora kunyamaza.

Basi kwa nini meza zetu bado ziko vile? Nadhani ni karatasi. Taarifa inayokwenda kwa wafadhili ina safu mbili: waliohudumiwa, na waliompokea Yesu. Safu ya pili ikiwa na sifuri, mwaka unaofuata kuna maswali. Katika taarifa yetu ya siku ile, mkono ule wa nusu uliingia kama mtu mmoja mzima. Hakuna safu ya aliyenyanyua kwa hofu, wala ya mtoto aliyeacha kuja kwenye hesabu. Watumishi ni watu wema, nawajua, nimekesha nao tukifunga mifuko. Lakini ukimpa mtu wa Mungu safu ya kujaza, ataijaza.

Wanaonyamaza nao wana kosa lao, na ni kosa halisi. Nimesikia mtumishi akiulizwa na mgeni kwa nini anafanya kazi hii, akababaika: "Tunasaidia tu jamii." Huko ni kuficha, na kuficha kunaleta shaka kama sharti linavyoleta. Wapo pia wanaotangaza masomo ya lugha ya bure, halafu mwanafunzi anakuta kitabu cha mazoezi ni Biblia. Bango la mlangoni liseme wazi ni kanisa, na liseme ndani kuna nini. Petro aliandika tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Amesema kumjibu anayeuliza. Andiko hilo linamtaka mtu mwenye jibu, na linamwachia jirani nafasi ya kuuliza.

Baadaye meza yetu ilibadilishwa. Mifuko inagawiwa asubuhi bila mahubiri, ibada ni jioni ya siku nyingine, na tangazo lake liko ukutani kwa anayetaka kulisoma. Siku moja baba mmoja Mwislamu alikuja kumchukua mwanawe kwenye masomo, akasimama mlangoni akamuuliza kijana anayefundisha: nyie mnapata nini hapa? Kijana akamwambia hapati malipo, ila yeye ni mfuasi wa Yesu, na anaamini alipendwa kabla hajastahili. Hakuongeza neno. Baba akanyamaza kidogo, akamvalisha mtoto begi, akauliza Alhamisi wanaanza saa ngapi.