Nani Kasema Hakihesabiki?

Jumamosi iliyopita tulikutana wasomaji saba mahali petu pa siku zote, nyuma ya duka karibu na stendi ya Moshi, kuzungumzia riwaya tuliyokuwa tukiisoma kwa zamu, ya Star Trek, ile hadithi ya televisheni ya Marekani ya watu wanaosafiri kati ya nyota kwa meli za anga. Nakala ni moja. Niliikuta kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa juu ya turubai, jalada likiwa limeshikiliwa na selotepu, na kila aliyeipokea ameacha alama: mmoja kakunja kona, mwingine kaidondoshea chai ukurasa mzima. Nilitegemea ubishi, na ubishi ndio unaonitoa nyumbani Jumamosi. Lakini kabla chupa ya chai haijafunguliwa, kaka mmoja, ambaye nusu ya vitabu nilivyosoma maishani nimeazima kwake, akakirudisha mezani na kusema, "Hiki hakihesabiki. Hakikuonyeshwa kwenye televisheni."

Wiki nzima neno hilo limenikaa kooni.

Kitabu ni Taking Wing cha Michael A. Martin na Andy Mangels, kilichotoka mwaka 2005, cha kwanza katika mfululizo wa meli ya anga iitwayo Titan. Riker amekuwa msaidizi wa nahodha Picard miaka nenda miaka rudi, sasa amepewa meli yake mwenyewe, na wengi wa mabaharia wake si binadamu. Daktari wa meli ana umbo la mjusi mkubwa na meno ya kula nyama. Anakuja kukupima homa na meno yale, na wewe inabidi ulale kitandani utulie.

Hoja ya kaka naijua, ni ya siku nyingi: kilichopita kwenye skrini ndicho kilichotokea, kilichoandikwa ni porojo za pembeni. Na ni kweli wenye haki za Star Trek ndivyo wanavyofanya. Mwaka 2020 televisheni ilipotuletea maisha ya uzeeni ya Picard, ilishika njia yake bila kujali riwaya zilikuwa zimefika wapi, na 2021 waandishi wenyewe wakatoa vitabu vitatu vya kuufunga ulimwengu waliokuwa wameujenga kwa miaka. Nakubali. Inaniuma, lakini nakubali.

Sasa kaka yangu, najua utasoma hapa, nisikilize. Sisi wa Moshi tunaamka tukitazama Kilele cha Uhuru, mawingu yakituruhusu. Luteni Uhura wa Star Trek ya kwanza, aliyeigizwa na Nichelle Nichols kuanzia 1966, jina lake limechongwa kutoka neno hilohilo letu. Na jina lake la kwanza, Nyota? Katika vipindi vyote 79 vya mwanzo halikutajwa hata mara moja. Lilitoka kwenye kitabu, cha William Rotsler, mwaka 1982. Wasomaji wakalipokea, wakalizoea, wakamwita hivyo, mpaka filamu ya 2009 ilipolitamka. Miaka 27 mwanamke yule aliitwa Nyota kwenye karatasi tu. Utaniambia miaka yote hiyo hakuwa na jina? Sulu, mwenzake melini, naye hivyohivyo: Hikaru ni zawadi ya Vonda McIntyre katika riwaya ya 1981, na filamu ikaja kulitumia miaka kumi baadaye.

Hata Titan yenyewe, hii tunayobishania! Wachapishaji waliitisha shindano la kuichora, akashinda Sean Tourangeau. Mwaka 2020 meli ile, kwa umbo lilelile, ikapita kwenye Lower Decks, katuni ya Star Trek ya televisheni. Imetoka karatasini ikaingia kwenye skrini. Basi ilianza kuhesabika lini? Mimi nasema tangu siku mtu wa kwanza alipofungua ukurasa akaiona kichwani mwake, kwa sababu hapo ndipo alipoanza kuwaogopea watu waliomo ndani.

Na watu waliomo ndani ndio kitabu. Wawili kati yetu walilalamika kwamba sayansi ni kidogo, mambo ya familia yamezidi. Walikuwa na maana ya Christine Vale, anayeombwa awe msaidizi wa Riker na kusita, kwa kuwa Troi, mke wa nahodha, naye anafanya kazi humohumo melini. Dada mmoja wa kikundi, ambaye kwa kawaida hunyamaza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. Aliwahi kuajiriwa kwenye duka la mume na mke. "Bosi akikukosea," alisema, "unakwenda kumshtaki kwa nani? Kwa mke wake? Mimi yule Vale nilimwelewa kabla hajamaliza sentensi." Hakuna aliyejibu. Kaka mwenyewe alikivuta kitabu akautafuta ukurasa ule, akausoma tena kimya, kidole kikifuata mistari.

Meli inayokwenda mbali hivyo ni watu waliofungiwa pamoja. Hawawezi kushuka kituo kinachofuata. Anayekula tofauti na wewe, anayenuka tofauti, aliyewahi kukudharau, kesho asubuhi utamkuta mezani. Televisheni inakupa sura yake kwa dakika chache na kuhamia kwa mwingine. Riwaya inakuweka ndani ya kichwa chake wakati anajilazimisha kukaa meza moja na yule daktari. Hicho ndicho ninachokifuata mimi, na sijakipata kwingine kwa kiasi hicho.

Kasoro zipo, nisiseme uongo. Siasa za Romulus, sayari ya mahasimu wa zamani, zinachosha katikati, na asiyeona filamu ya Star Trek ya 2002 atahangaika kujua nani kamuua nani. Majina ya mabaharia ni mengi. Mama mmoja wa kikundi aliyaandika nyuma ya risiti akaitumia kama alamisho, na risiti hiyo bado imo kitabuni, inamsaidia kila anayefuata.

Anayefuata sasa ni kaka. Amekiomba tena, amesema anataka kuanza upya kuanzia sura ya kwanza. Hakusema kwa nini na sikumuuliza. Ninachotafuta ni sehemu ya pili. Mwenye nayo aniambie, nitaifuata hata kama iko Himo, hata Arusha kwa basi la alfajiri.