Steringi Hana PF3

Nimeoa muuguzi, na hilo ndilo lililoniharibia filamu za mapigano za Hollywood. Mume wa mwalimu au wa mfanyabiashara humtazama komando aliyejificha ghalani na risasi begani, akijimwagia pombe kali kwenye jeraha na kuichomoa risasi kwa koleo huku ameng'ata mkanda wa suruali, naye huona ushujaa. Mama Salma huona uchafu. "Baba Salma, hilo koleo limechemshwa?" Nikikaa kimya, huongeza: "Na sindano ya pepopunda je?" Steringi, yaani shujaa wa filamu, anapofunga jeraha kwa kipande cha shati lake lenye tope, swali la PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hufuata, nami hulazimika kumweleza kwamba mtu huyu anatafutwa na polisi wale wale ambao angepaswa kuwaomba fomu. "Basi atakufa na usaha," husema, kwa sauti ya mtu aliyekwishajaza faili.

Hafi na usaha. Dakika chache baadaye anashikilia helikopta kwa mkono ule ule, na hapo ndipo linapoanza somo la ateri ya begani na fungu la mishipa ya fahamu inayopita kwapani, somo ambalo huendelea hadi jambazi mkuu amalize hotuba yake yote, jambo ambalo, kusema kweli, si hasara kubwa.

Mimi sikukaa pale kujifunza huduma ya kwanza. Nimekaa kwa sababu ya ile sheria tuliyoirithi kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, ambako mtafsiri alipaza sauti juu ya milio ya bunduki na kutuhakikishia, kila tulipoingiwa na hofu, kwamba steringi hafi. Wamarekani wenyewe waliwahi kujaribu kuivunja. Filamu ya kwanza ya Rambo, First Blood ya mwaka 1982, ilitokana na riwaya ya David Morrell ambamo Rambo anakufa, na mwisho wa namna hiyo ulipigwa picha kabisa. Ulipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio walichukizwa nao, ukatupwa, na Rambo akabaki hai kwa ajili ya filamu nyingine nne. Kumbe watu wa kule nao ni watu wa kibanda umiza, ila wao wana viti vya kuegemea.

Kinachonitia wivu zaidi si misuli, bali ni jinsi watu hawa wanavyoutumia muda. Katika Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger, kwa jina la John Matrix, ana saa 11 tu za kumwokoa binti yake kabla maadui hawajagundua kwamba hakufika na ndege waliyompakia. Ndani ya saa hizo anaruka kutoka kwenye magurudumu ya ndege inayopaa, anang'oa kibanda cha simu na mtu akiwa ndani, anaingia duka la silaha kwa tingatinga, anakamatwa na polisi, anaokolewa kwa roketi, anaiba ndege ya majini, na bado anafika kisiwani akiwa na nafasi ya kujipaka rangi usoni. Mimi muda kama huo huumalizia katika ofisi moja nisiyoitaja, nimekaa kwenye benchi, nikimsubiri mwenye mhuri arudi kutoka msibani.

Halafu kuna ile Porsche ya njano. Matrix anamfukuza jambazi mmoja milimani, gari linalala ubavu, ubavu mmoja unachakaa mbele ya macho yetu. Jambazi akishatupwa gengeni, Matrix analisimamisha gari kwa mikono yake na kuondoka nalo likiwa zima, halina hata mkwaruzo. Wahariri walipitiwa, wanasema wajuzi wa mambo. Mimi sina ugomvi na wahariri. Ugomvi wangu ni na fundi wa mtaani kwetu, ambaye hupenda sana kuja kutazama filamu sebuleni kwangu wakati mlango wa gari langu umelala gerejini kwake tangu kabla ya masika, ukisubiri rangi inayofanana na ya gari. Onyesho lile lilipofika nilimgeukia, nikamtazama. Yeye alikuwa akinywa chai yangu. "Mzee," akasema, "wale wana vipuri."

Nakiri kwamba upungufu mkubwa kuliko yote hauko gerejini wala wodini, uko kwenye ajira. Hawa maadui huajiri kwa vigezo gani? Askari wao wote wamehitimu katika chuo kimoja cha kukosa shabaha, ambako, nadhani, somo la lazima ni kukimbilia mahali pa wazi ukipiga kelele ili upigwe risasi vizuri. Wakipigwa, hurushwa nyuma hadi wakapasua dirisha, ingawa Isaac Newton alikwisha kueleza mwaka 1687 kwamba kila kani huitikiwa na kani iliyo sawa nayo upande wa pili, kwa hiyo na mpigaji naye alistahili kurushwa akapasua ukuta wa nyuma yake. Na bosi wao ndiye mbaya kabisa. Bennett, adui wa Matrix, anayo bastola, amemshika mtoto wa watu, na Matrix amekwisha kujeruhiwa mkono. Kazi imebaki ya kuvuta kidole tu. Matrix anamtania kidogo, na mtu mzima huyo mwenye akili zake anaitupa silaha ili wapigane kiume kwa kisu! Fundi husikitika sana hapo. Anasema ndiyo maana yeye hachukui kazi za kulipwa baada.

Hata hivyo, kuna uongo na uongo. Katika Speed ya mwaka 1994, basi la abiria la Los Angeles limetegwa bomu litakalolipuka likishuka chini ya maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80. Huku kwetu tungekwisha kituo cha kwanza, maana abiria mmoja angesema "shusha" na konda angegonga bati. Basi lile linaruka mwanya barabarani, na mwanya wenyewe haukuwapo, ulichorwa kwa kompyuta kwenye barabara iliyokuwa nzima. Lakini basi lilirushwa kweli kutoka kwenye mwinuko uliojengwa kwa kazi hiyo, nami nililiona likitua kwa uzito wake wote na moyo wangu ukatua nalo. Mwaka 2015, katika Furious 7, gari likapita kutoka ghorofa hadi ghorofa katika minara mitatu ya Abu Dhabi, na fundi akaniambia tu kwamba shokapu zimekwisha. Mwaka 2021, katika F9 ya mfululizo huo huo, wakalipeleka gari angani, nje kabisa ya dunia. Fundi hakusema kitu. Gari lisilo na uzito halina shokapu za kuharibika, na mtu asiyeweza kuanguka hanitoi jasho hata nimlipie tiketi.

Rambo ndiye ninayemwonea huruma. Mwaka 1988 alikwenda Afghanistan akapambana na majeshi ya Kisovieti wakashindwa kumweza, lakini hapa Tanzania, ambako jina lake lilikuwa limekaa miaka mingi kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni, aliondolewa na katazo la mazingira tarehe 1 Juni 2019, bila risasi hata moja. Septemba ya mwaka huo huo Sylvester Stallone akatoka na filamu ya tano, ana miaka 73, akiwachinja watu mashimoni kwa mitego ya kujitengenezea. Nilimwita Mama Salma aje aone ukakamavu wa mzee. Alisimama mlangoni, akatazama shingo ile na mishipa iliyotutumka, akauliza kama kuna mtu aliyempima presha kabla ya kumpa upinde.